Ubao wa Kushoto

4 Agosti

Kaka,

Simu yako nimeipiga mpaka yule mwanamke wa "namba unayopiga haipatikani" tumeshakuwa marafiki. Nimeona nirudi kwenye kalamu, maana barua angalau huwa unajibu. Wifi hajambo? Magoti yako je? Binti yangu mkubwa amejifungua salama, mtoto wa kike, ana kelele kama bibi yake.

Ziwa limerudi nyuma. Ungekuja usingelijua. Pale tulipokuwa tunafulia, wanafunzi sasa wanacheza mpira. Wiki iliyopita wanawake walikwenda kukata matete kule kwenye ghuba ndogo, wakakuta mbavu za mashua zimechomoza majini. Maji yenyewe hayafiki magotini. Ni mashua ya mbao, kubwa, imelala ubavu, tumbo limejaa matope.

Haijulikani ni ya nani. Au niseme kila mtu anajua lake. Kinyozi anadai ni ya babu yake. Ukimuuliza babu yake alikuwa na mashua lini, anakwambia subiri akumbuke. Wengine wanasema ni ya wakati wa vita. Wengine wanasema ina dhahabu, ndiyo maana jana mtu mzima kashinda anachota matope kwa sufuria ya mkewe. Alichopata ni ruba watatu kwenye paja.

Ofisi ya mambo ya kale imemtuma binti mmoja mpimaji, ana viatu vya mpira vinavyomfika kiunoni. Amepanga chumba changu cha uani. Jioni anatandaza michoro yake kwenye meza yangu ya kukatia nguo, namwambia angalia chaki. Kwenye fomu, panapotakiwa jina la chombo, ameandika "haijulikani".

Kuna jambo linamtatiza. Anasema mashua yote ni mbao ngumu, imejengwa na mtu anayejua kazi, ila ubao mmoja ni laini, umeoza kama biskuti kwenye chai. Nikamwambia nina kaka yangu aliyejenga mashua na baba yetu miaka kumi kabla hajahamia mjini kutengeneza makabati. Kwa hiyo, Fundi, tupe darasa. Kwa nini mtu achanganye mbao namna hiyo? Na unaweza kukisia ni ya miaka mingapi?

Mdogo wako,
Sindano

15 Agosti

Sindano,

Hongera ya mjukuu. Mungu amkuze, na hizo kelele zimpungue kidogo, maana wewe mmoja unatutosha.

Sisi wazima. Magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Karakanani tuna kazi ya vitanda arobaini vya shule ya bweni, na mashine ya randa imekufa tangu Jumatatu, kwa hiyo tunapiga randa kwa mkono kama zamani. Wifi yako anasema nimekonda. Mimi nasema suruali imepanuka.

Kuhusu hiyo mashua, kwa maelezo yako ni ya zamani sana, kabla yetu sisi. Kuchanganya mbao ni jambo la kawaida, mafundi wa zamani walitumia walichokuwa nacho. Huo ubao wa kushoto huko nyuma usiwasumbue, ni kiraka tu. Mwambie huyo binti apige picha zake aende. Mvua zikirudi maji yataifunika, na itakuwa imekwisha. Na wewe usiende kule. Matope ya ghuba yale yanameza mguu.

Wasalimie wanangu.

Fundi

24 Agosti

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka suruali. Mara ya pili nikaona umeandika kwa haraka. Mara ya tatu nikaacha kazi, nikamwita mpimaji.

"Hebu nionyeshe. Ule ubao mbovu uko wapi?"

"Huku nyuma, mama. Kushoto, chini kabisa."

Kaka, mimi sikukuandikia upande. Sikukuandikia nyuma wala mbele. Nilikuwa sijui.

Basi nikaenda. Nilifunga kanga kiunoni nikaingia kwenye hayo matope uliyonikataza. Mpimaji akanionyesha misumari ya ubao ule kwenye mbavu za nyuma, yote imelala upande mmoja. Akasema, "Aliyeipiga hii alikuwa anatumia mkono wa kushoto." Nikasikia sauti ya baba kabisa, kama amesimama nyuma yangu, akikugombeza wewe na mkono wako wa kushoto: "Misumari yako inalala kama walevi!"

Siku ya pili wakatoa kitu kwenye tumbo la mashua, kimefungwa turubai lililooza. Kichwa cha cherehani. Kimekula kutu, lakini gurudumu lake bado linatambulika. Watu walisikitika kwamba si dhahabu. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Jina lake la utani sijaliandika kwa miaka thelathini na mbili. Naliandika leo. Mluzi. Rafiki yako na mchumba wangu, aliyeondoka Jumapili asubuhi na mashua ya mnunuzi wa samaki, wiki tano kabla ya harusi yetu, asirudi. Wewe ndiye uliyeniletea habari siku ya tisa. Ulisema umekutana na dereva wa lori aliyemwona ng'ambo, kwamba ameuza mashua ya watu na anaishi na mwanamke. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuamini kwa sababu ulikuwa unalia.

Mashua ile ndiyo aliyoondoka nayo, au nimechanganyikiwa? Pua ya mashua imeelekea huku kwetu. Mtu anayetoroka haelekezi pua nyumbani. Na mwizi hanunui cherehani.

Huyo dereva wa lori alikuwa nani? Nijibu hilo tu. Vitanda vya shule viache.

Sindano

12 Septemba

Kaka,

Siku kumi na tisa. Nimempigia wifi, anasema unatoka alfajiri unarudi umechoka, huongei. Anadhani ni magoti.

Mpimaji anafunga mizigo Jumamosi. Sijamwambia lolote. Nangoja kwanza nilisikie kutoka kwako.

Sindano

19 Septemba

Mdogo wangu,

Hapakuwa na dereva wa lori.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa nimeandika sentensi ile kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Unakumbuka mwaka ule baba alilala miezi minne kwa ugonjwa wa mgongo, karakana nikaishika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikijiona fundi kuliko fundi. Mnunuzi wa samaki alileta mashua yake inavuja. Ubao mmoja ulikuwa umekwisha, kushoto, nyuma, chini. Mbao ngumu hazikuwa zimefika, na yeye aliitaka Jumamosi. Baba angemwambia asubiri au aipeleke kwingine. Mimi sikutaka aende kwingine. Nikachukua ubao laini tuliokuwa tumeuweka kwa ajili ya rafu, nikaupiga, nikauziba kwa pamba na lami nzito mpaka hata mimi mwenyewe nikapenda nilivyoufanya. Nikajiambia wiki ijayo nitaubadilisha. Sikujua kwamba Jumapili yule mnunuzi angemwazima Mluzi.

Alikuwa anakwenda ng'ambo kukuchukulia cherehani. Aliweka akiba mwaka mzima na aliniapisha nisikwambie, alitaka uikute ndani siku ya harusi. Asubuhi ile alikuja akaipiga mashua kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Fundi, iko sawa hii?"

Nilikuwa nanoa msumeno. Sikuinua uso.

"Iko sawa."

"Kweli? Maana narudi na mzigo."

"Wewe panda uende, unanichelewesha."

Akacheka, akaenda zake anapiga mluzi.

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwambia arudi mtupu, cherehani aifuate siku nyingine. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini kusema vile ni kukiri kwamba mtoto wa fundi mkuu amepiga ubao wa rafu kwenye mashua ya watu.

Ilipofika siku ya tatu hajarudi, nilijua. Wanaume walitoka na mashua kumi na moja kumtafuta, nami nilikuwa kwenye ya kwanza. Tulitafuta katikati ya ziwa siku sita. Usiku wa siku ya nane wazee wakapanga kwamba kesho waanze kandokando, ghuba kwa ghuba, kwenye matete. Niliogopa wangeiona. Wangeinua mashua wakaukuta ubao wangu. Asubuhi nikaja kwako na habari ya dereva, kisha nikawaambia na wao. Mashua zote kumi na moja zikarudi.

Nimejidanganya kwa njia nyingi. Nilijiambia alikuwa ameshakufa tu, kumpata kusingemrudisha. Nilijiambia ningekuacha na matumaini ungekaa pale ukingoni mpaka uzeeke, na kwamba ile hasira ndiyo iliyokuinua ukamkubali Mwalimu, ukapata watoto wako wawili na nyumba yenye amani. Nilipokuona umevaa gauni la harusi nilijiambia, unaona, imekuwa heri. Lakini nilihama mwezi uliofuata. Watu walidhani nafuata kazi mjini. Tangu siku ile sijapiga msumari kwenye chombo chochote kinachokwenda majini.

Sikuombi unisamehe. Hata sijui ningekuomba kwa maneno gani. Umeuliza, nimejibu.

Kaka yako

1 Oktoba

Kaka,

Nimekaa na barua yako siku tano. Wanangu wameniuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Usimtaje Mwalimu. Alikuwa mume mwema, nilimpenda, nimemzika nikimlilia kwa haki yake. Nisingependa aingizwe kwenye jambo hili kama sababu yako ya kulala usingizi. Maisha yangu yakiwa mazuri, hayo ni yangu na yake. Wewe hukunipa. Wewe uliniongopea, kisha ukakaa pembeni kuangalia itakuwaje.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukijui, kwa sababu wewe ulihama na mimi nikabaki.

Mama yake Mluzi alikuja kwangu, mwaka mmoja baada ya harusi yangu. Walikuwa wanaitwa watu wa mwizi. Pale bombani wanawake waliondoa ndoo zao akifika. Binti yake alikuwa ameposwa, posa ikarudishwa. Alisimama mlangoni kwangu amevaa nguo zake nzuri, akaniambia, "Mwanangu, mimi simjui mtoto wangu kuwa mwizi. Wewe ulimjua. Naomba tukae kidogo tumzungumze, hata dakika tano."

Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, mwanao ameshanitosha." Nikamfungia mlango. Nilimsikia amesimama pale nje, muda, halafu nikasikia kandambili zake zinaondoka.

Amekufa miaka kumi na tisa sasa. Sikwenda msibani.

Unaona ulichonifanya? Kunipokonya mtu, hiyo ni ajali na uoga, labda ningejikaza. Lakini ulinifanya mimi niwe mkatili kwa mwanamke ambaye alikuwa anasema kweli. Huo mkono uliofunga mlango ni wangu, hilo siwezi kukuachia wewe. Ila wewe ndiye uliyenipa sababu.

Yule binti yake ni mkunga hapa zahanati. Ndiye aliyemzalisha binti yangu. Alimshika yule mtoto akamfuta, akanikabidhi, akasema "hongera, bibi," akaondoka kama kawaida yake. Miaka yote hii tunasalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Utakuja. Sitamwambia mimi kwa niaba yako. Utamwambia wewe, kwa mdomo, si kwa barua. Halafu katika wale waliotoka na mashua kumi na moja, wazee wanne bado wapo hai. Utawapitia kila mmoja nyumbani kwake, uwaambie kwa nini waliambiwa warudi. Mpimaji nimemwandikia mwenyewe nikampa jina la mashua na la mtu wake.

Kwangu usifike.

Mdogo wako

14 Oktoba

Sindano,

Nimemwambia wifi yako yote. Amenipigia pasi shati jeupe.

Nakuja Alhamisi ya tarehe 23, basi la asubuhi. Nitalala nyumba ya wageni, nitaondoka Jumamosi. Nimeelewa kuhusu kwako.

Naogopa. Nakwambia tu, si kwamba nataka unihurumie.

Kaka yako

2 Novemba

Kaka,

Najua ulichofanya Alhamisi, kwa sababu mji mzima unajua. Lakini hujui kilichofuata, na nadhani una haki ya kujua hicho tu.

Mkunga alikuja kwangu Ijumaa baada ya kazi. Hajawahi kukanyaga nyumba yangu. Nilimwekea kiti karibu na mashine, nikachemsha chai, tukakaa kama watoto waliolazimishwa kucheza pamoja. Mwishoni yeye ndiye aliyeanza.

"Kaka yako alikaa kwenye foleni ya wajawazito."

"Alifanya nini?"

"Saa mbili nzima. Mwanaume peke yake kwenye benchi, na shati lake jeupe. Mmoja akamuuliza, 'Baba, una miezi mingapi?' Akajibu, 'Mingi, mwanangu.' Nikamwita apite mbele, akakataa. Akasema atangoja zamu yake."

Tulicheka, Kaka. Nakuambia kweli, tulicheka mpaka nikafuta macho, na nikiwa nafuta nikaona na yeye anafuta, na kicheko kilikuwa kimeshakwisha zamani.

Akaniambia ulivyoingia na kuyasema yote umesimama, hukukubali kiti. Kwamba hukujitetea. Kwamba alikuuliza swali moja tu, kama kaka yake alikuwa anarudi nyumbani, ukasema ndiyo, alikuwa amebakiza kidogo sana. Akasema alikushukuru kwa kuja, akakuambia utoke, akamwita anayefuata, kwa sababu mgonjwa alikuwa anangoja na yeye hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Sijamsamehe," akaniambia. "Usije ukadhani."

"Na mimi bado," nikasema.

Halafu nikamwambia habari ya mlango. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata anitemee mate. Akaniangalia kwa mshangao.

"Lakini mama alitusimulia siku ile ile. Alirudi nyumbani akasema wewe huna kosa, umeumizwa, na kwamba tumbo lako limekaa kama la mtoto wa kike. Alikuwa anakuulizia kila mara. Ulipojifungua alinituma nipite nje ya nyumba yenu nisikilize kama mtoto analia vizuri."

Kaka, afadhali angenitemea mate.

Wazee wanne walikutana wenyewe baada ya wewe kuwapitia. Mmoja, yule aliyekuwa nahodha wa mashua yenu siku zile, alijifungia ndani siku mbili. Aliniambia baadaye: "Tulikuwa tumeshaandaa mashua. Nilikuwa nimeshashika kasia." Anairudia hiyo, kasia, kasia, na mkono wake unaishika hewa. Jumapili walikwenda ghubani na mkunga, wakasimama kwenye maji, wakamsomea Mluzi dua ambayo hakusomewa. Mifupa haikupatikana, na mpimaji anasema tusitarajie. Mimi nilisimama nchi kavu. Nilihisi ile si nafasi yangu, au labda ni nafasi yangu ila nimechelewa.

Unaniuliza kwenye kikaratasi ulichoniachia kwa muuza duka kama unaweza kuendelea kuniandikia. Andika. Nitasoma. Kujibu, nitajibu nikiweza. Kuna siku naamka nakukumbuka ulivyokuwa unanibeba mabegani kunivusha kwenye tope, nafurahi kabla sijakumbuka mengine. Kisha nayakumbuka. Sijui hilo litaisha lini, na sitaki unihimize.

La mwisho. Jumamosi, ulipokuwa kituoni, uligeuka nyuma mara mbili kabla ya kupanda basi. Mara ya pili ulishusha begi kabisa, ukaangalia barabara yote ya sokoni, kama mtu anayemtafuta mtu. Uliangalia mpaka utingo akakushika mkono.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kwa muuza viatu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya viatu vilivyotundikwa. Nilikuona jinsi goti linavyokusumbua kwenye ngazi ya basi. Mkono niliuinua mpaka hapa kifuani, haukwenda zaidi ya hapo. Basi likaondoka.

Nimejuta njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini najua hata leo ungesimama pale, nisingeuinua.

Nimetaka tu ujue kwamba nilikuja.

Mdogo wako